Mkwe Hashikwi

Kwa miaka sita Bonface Werema alimjua mama mkwe wake kwa sauti na kwa kisigino. Sauti aliisikia ikitoka jikoni alipokwenda kusalimia, kisigino alikiona kikipotelea nyuma ya mlango. Ndivyo Wakuria wanavyoheshimiana: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawagusani. Werema hakuona taabu. Alimpenda yule mama hivyo hivyo, nusunusu, kwa uji wa wimbi aliompitishia mlangoni na kwa binti aliyemzaa.

Siku ya tatu ya mvua, Milka mkewe alimtikisa kabla chai haijachemka.

"Baba Liz, amka. Mama lazima afike Kegonga kabla ya saa sita. Leo wanakabidhi barabara."

"Barabara gani?"

"Yetu."

Werema alicheka mpaka akakohoa. Miaka kumi na moja iliyopita waliletewa greda moja. Likakwangua nyasi wiki mbili, likafika kijitoni, likageuka. Kalvati la kupitishia maji halikuwekwa. Mkandarasi alitafuta mahali pakavu, akapiga picha, akaenda zake. Tangu hapo, kila mwaka wa kura hushuka mtu na kofia mpya akisema barabara iko njiani. Werema aliwakumbuka wote, na rangi za kofia zao.

Sasa karatasi zilisema imekamilika, na daraja juu. Zilibaki saini za kamati ya wananchi. Kamati yenyewe ilikuwa ya watu watatu. Monari alishazikwa. Motari alihamia Suna, akafungua duka, na juzi alisaini bila kulowesha kiatu. Wa tatu alikuwa Nyanchoka, mama yake Milka. Akipinga, karatasi zinarudi zilikotoka. Asipoonekana hadi saa sita, wataandika kwamba amekubali.

"Na mkutano wakauweka katikati ya mvua," Werema alisema.

"Unafikiri ni bahati mbaya?"

"Mpigie Javan wa bodaboda ambebe."

"Javan ameangusha watu wawili wiki hii. Ukitaka mama yangu avunjike, sema tu."

Gari halikuweza kupita, na goti la mama lisingemaliza kilomita tisa kwa miguu. Werema alitoka nje kwenye ukungu. Alipunguza upepo kwenye magurudumu yote mawili ya pikipiki yake yaweze kulala kwenye tope na kushika. Akafungua madigadi ya mbele tope lisije likakwama humo. Akazungusha kamba ya katani kwenye tairi la nyuma, duru baada ya duru. Vidole vilipokufa ganzi aliwasha injini akavipasha joto hapo. Kisha akaenda kumchukua mama mkwe.

Nyanchoka alitoka nyumbani kwake amejifunika leso hadi puani, amegeukia upande wa migomba. Mkononi alikuwa na gunia lililojaa maganda ya mahindi. Aliliweka kwenye kiti, katikati, akapanda nyuma yake na kushika keria ya mizigo kwa mikono miwili.

"Pikipiki," alisema, "mwambie mwenyewe aende polepole."

Kilomita mbili za kwanza waliteleza gunia likiwa katikati yao, kwa heshima zote. Tatizo lilikuwa kona. Werema akiegemea kushoto, mama aliegemea kulia, kumkimbia. Kwenye mfereji wa kwanza gurudumu la nyuma liliwatupa wote wawili katika mahindi ya watu.

"Pole, mama! Umeumia?"

"Pikipiki, mwambie mwenyewe kwamba mahindi ya Oyaro hayakuomba palizi."

Werema alisimamisha pikipiki, akasema akitazama tanki la mafuta, "Mama, tusipokuwa uzito mmoja tutaanguka mpaka jioni. Nikilala kushoto, na wewe ulale kushoto."

Mvua ikapiga majani.

"Nilale wapi na mkwe wangu?"

"Kuinama, mama! Nilitaka kusema kuinama!"

Masikio yalimwaka kwa aibu, baridi yote ile. Nyuma yake alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia kupitia mlango wowote: mama mkwe wake akicheka, leso mdomoni, hadi keria ikatetemeka. Kutoka hapo mama aliinama alipoinama yeye. Waliteleza, hawakuanguka.

Kijitoni maji yalikuwa ya kahawia, yana haraka. Werema alishuka akapima kwa fimbo. Magotini, na baridi ya kukata mfupa. Kuvuka kuliwezekana, ila kwa gia ya kwanza, bila kupunguza mafuta, macho yakiwa ng'ambo.

"Mama, hapa keria haitoshi. Ukirushwa, sitakupata."

Nyanchoka alikaza mikono kwenye keria. Werema aliingia majini. Katikati, gurudumu la mbele lilipanda jiwe, pikipiki ikayumba, gunia likachomoka likaenda na maji kama bata. Mara mikono miwili ikamzunguka kiunoni ikafungamana tumboni, na kidevu kikamchoma mgongoni. Walikuwa uzito mmoja. Injini ilinguruma, kamba ya katani ikauma changarawe, wakapanda ukingo wa pili.

Mikono iliachia papo hapo.

"Nimeshika koti," Nyanchoka alisema. Kwa mara ya kwanza hakuiambia pikipiki. "Koti la mvua, la dukani. Mkwe sijamshika."

"Ndiyo, mama. Koti."

Walifika Kegonga saa sita kasoro dakika kumi. Javan, aliyekuwa amejikinga mlangoni mwa ukumbi, alipiga mluzi.

"Weeh Werema! Umetoka kufinyangwa saa hii ama?"

Ndani kulikuwa na watu kama arobaini na soda zao. Mezani aliketi afisa mgeni, viatu vyake viking'aa. Nyanchoka alisimama akisema barabara haipitiki na daraja halipo.

Afisa alitabasamu. "Mama, haipitiki, na wewe uko hapa? Umefikaje?"

Watu wachache walicheka. Jibu la kweli lilikuwa moja tu, na Werema alijua lingemgharimu nini yule mama mbele ya majirani wa umri wake. Angeweza kusema amekuja na pikipiki, akaishia hapo. Afisa angeandika kwamba pikipiki zinapita.

Nyanchoka alishusha leso kutoka usoni.

"Nimefika kwa kumkumbatia mkwe wangu."

Chupa ya soda iligonga sakafu.

"Kiunoni, kwa mikono miwili, katikati ya maji ambayo nyinyi mmeyaandikia daraja. Wala si koti nililoshika. Ni yeye."

Hakuna aliyecheka. Ajuza mmoja alifunika mdomo. Afisa alitazama huku na huku, akitafuta wa kumweleza.

"Bosi," Javan alisema kutoka mlangoni, "hapa kwetu mama anaweza kukudanganya umri wake, hata idadi ya ng'ombe. Hilo alilosema, hakuna mama wa kulidanganya. Andika."

Mzee mmoja alisukuma soda yake mbali. Wengine wakafuata. Afisa aliandika, na Nyanchoka akamsimamia hadi alipoona neno lenyewe: imepingwa.

Nje mvua ilikuwa ile ile. Werema alipangusa kiti kwa kiganja. Uso wa mama mkwe wake alikuwa ameuona mle ndani, wote, kwa bahati mbaya. Ulikuwa na vishimo mashavuni, kama vya Milka.

"Mama, watasema lazima achinjwe mbuzi wa kutusafisha."

"Mbuzi huyo atoke kwa mkandarasi."

Alijifunika tena leso, akageukia upande mwingine, akapanda.

"Gunia lilienda na maji," Werema alimkumbusha.

"Pikipiki," alisema Nyanchoka, "mwambie mwenyewe avute zipu. Koti lisipofungwa vizuri halishikiki."