Majimoto wa Upande Wangu

Nilipoambiwa kwamba Ijumaa ile nyumbani kwa mdogo wangu Ngwali itasomwa halbadiri, kile kisomo cha kumlaani mkosaji asiyejulikana, sikuuliza anasomewa nani. Kiuyu nzima ilikuwa inajua. Anasomewa aliyemharibia Ngwali minazi yake, na jina lililokuwa likipita midomoni mwa watu ni langu mie, Moza, dada yake wa tumbo moja.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba alipofariki tuligawana shamba kisheria, Ngwali minazi sitini, mie thelathini, na mpaka katikati. Tukakaa vizuri. Ukaja uchaguzi wa tisini na tano, yeye akashika chama chake, mie changu, basi na salamu ikakatika. Hata Pandu, mkwezi wetu wa siku zote, akaacha kunipandia minazi yangu ili asije akasemwa na wenziwe. Nikawa nangoja nazi zianguke zenyewe, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, na goti hili bovu.

Mwaka wa tatu, minazi ya Ngwali ikaanza kupukutisha vidaka. Nazi changa hizo, kubwa kuliko ngumi kidogo, zinaanguka kila siku mpaka kole, shada lenyewe la nazi, linabaki tupu. Kwangu, hatua kumi tu ng'ambo ya mpaka, makole yamejaa. Watu wakaona ushahidi wanao: Moza kafukia fingo la uchawi shambani kwa ndugu yake.

Wenzangu wa chamani wakanambia, kama huna kosa unaogopa nini, waache wasome. Maneno ya watoto hayo. Kisomo kikishasomwa, wa kwanza kuugua ndiye mwenye kosa. Nikikohoa tu nimeshahukumiwa, na wa kuja kunizika sijui angekuwa nani. Niliogopa, wallahi, na hasira zilikuwa nyingi kuliko hofu.

Nilikuwa na siku nne. Siku ya kwanza nilichukua kikapu, nikaingia kwa Ngwali bila ruhusa, nikaokota vidaka. Mkewe, Rahma, akasimama mlangoni akinitazama.

"Tazama vizuri, wifi," nikamwambia. "Usije ukasema hukuniona."

Kima akiuma kidaka huacha meno, na meno hayakuwapo. Panya hutoboa tundu, na tundu halikuwapo. Chonga, yule dudu mweusi mwenye pembe, hula kilele cha mnazi, hana haja na kidaka. Lakini nilipobandua magamba ya kwenye kikonyo, chini yake nikaona madoa meusi yaliyobonyea, na utomvu umeganda juu yake. Kitu kimechoma mdomo hapo kikafyonza. Nikasema, huyu ni mdudu, na nitamuona kwa macho yangu.

Karibu na mpaka Ngwali ana mnazi mmoja mfupi. Nikabingirisha kinu mpaka pale, nikakipindua, nikapanda juu yake huku nikililaani goti. Asubuhi mbili sikuona kitu. Ya tatu huyo hapo, wa kahawia, mwembamba, miguu mirefu, kajibanza kwenye kidaka, na nilipomshika akaninukia vibaya. Jina lake sikuwa nalo na mpaka leo sina. Nikamtia kwenye chupa, yeye na wenziwe wanne.

Nikaenda kumtafuta kwangu, simuoni. Ninaowaona ni majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, na wakikuuma unaruka. Kwa Ngwali sikumkuta hata mmoja. Nikakumbuka moshi wa kaskazi ile iliyopita, Ngwali na Pandu wakizunguka shambani na makuti ya moto. Pandu hapandi mnazi wenye majimoto. Kwangu hapakuchomwa kitu, maana hapana aliyekuwa akinipandia. Yakhe, kumbe kule kunisusa kwao ndiko kulikoninusuru. Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini.

Ijumaa baada ya sala nikaingia uani kwa Ngwali na chupa yangu, na kiota kimoja cha majimoto ndani ya beseni. Watu wamejaa mikekani, ubani unafuka, na Shehe Silima, msomaji wa siku hiyo, kaweka kitabu mbele yake.

"Shehe Silima," nikasema, "kabla hujafungua kitabu, nimekuletea mwenye kosa."

"Mtoeni huyu," akasema Ngwali.

"Mwache Bi Moza aseme," Shehe akamjibu. "Kitabu hakikimbii."

Nikamimina mdudu mmoja kwenye beseni. Majimoto wakamvamia, huyu kashika mguu, yule mguu, wakamvuta huku na huku mpaka akaacha kutikisika. Nikamimina wa pili, naye vivyo hivyo. Nikawapitishia vidaka vyenye madoa, wakavipokezana. Kisha nikamgeukia mkwezi.

"Pandu, kwa Ngwali viota kama hivi viko wapi?"

Pandu akatazama chini. "Tulivichoma, Bi Moza. Mie ndiye niliyesema sipandi mpaka vichomwe."

"Na vidaka vikaanza kuanguka kabla au baada?"

"Baada," akasema.

Shehe Silima akakitia kitabu mkobani. "Hapa hapana wa kusomewa," akasema. "Labda tuwasomee walioshika makuti." Uwanja mzima ukacheka. Ngwali hakucheka.

Siku ya tatu baada ya hapo nikasikia hodi ya Ngwali mlangoni kwangu. Niliisikia ya kwanza, nikaitikia ya nne. Akaniomba viota, na macho yake hayakuniangalia. Nikamkatia vitawi viwili vyenye viota, nikamjaza mikono yote miwili, nikafuatana naye njiani. Tulipofika kwenye baraza wanapokaa wenziwe wa chama, majimoto walikuwa wameshampanda shingoni na hawezi kujikuna. Nikasimama mbele yake njiani.

"Miaka mitatu, Ngwali," nikasema. "Sijasikia salamu."

"Shikamoo, dada," akasema chinichini.

"Sisikii."

Barazani wote walikuwa wametugeukia. Ngwali akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kufika hata kisiwani Kojani, "Shikamoo, dada Moza."

"Marahaba," nikamjibu, nami kwa sauti ile ile, maana na mie nina wenzangu wa chama, ng'ambo ya njia, waliokuwa wakisikiliza.