Filamu Zilizofeli Ukaguzi

Mimi ni fundi wa lifti, na nalisema hili mapema ili mtu asije akanicheka baadaye bila kujua anachekea nini. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikipanda juu ya majengo ya watu kukagua mashine zinazowapandisha na kuwashusha, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyekwama kwenye lifti yangu zaidi ya dakika arobaini. Siri yake ni moja tu. Lifti hukaguliwa kutoka juu kwenda chini. Unaanzia chumba cha mashine, unatazama mota na breki na kamba za chuma, ndipo unashuka ghorofa moja moja hadi shimoni. Ukianzia chini utadanganywa na mlango uliopakwa rangi nzuri.

Sasa, mdogo wangu wa kiume alinipigia simu Jumatatu kwa sauti ya mtu anayetaka kuazima kitu. Alikuwa amepata kazi ya miaka miwili nje ya nchi, na kazi yenyewe si ya kwenda na mtoto. Mtoto anaye mmoja, binti wa miaka kumi na tatu, na mama yake hatunaye tangu akiwa na miaka minne. Tunamwita Nukta, kwa sababu alizaliwa mdogo hadi nesi akampima mara mbili akidhani mizani imeharibika. Ama aende shule ya bweni, ama akae kwangu. Mdogo wangu alisema hatamlazimisha. Atamleta Ijumaa, akae hadi Jumapili jioni, kisha Nukta ataamua mwenyewe.

Nilitaka akae. Nina vyumba viwili vya kulala, na katika kimoja linalala boksi la vipuri. Nimeishi peke yangu hadi nimeanza kuijibu redio, na juzi nilijikuta naiomba radhi kwa kuikatiza. Nikauliza mtoto anapenda nini siku hizi, nikaambiwa anapenda filamu za sayansi ya kubuni, zile za vyombo vya angani, maroboti, na watu wanaosafiri hadi kesho na kurudi kabla chai haijapoa.

"Lakini uchague vizuri, dada," mdogo wangu akaniambia. "Za watoto anaziona matusi. Za wakubwa anatazama kishujaa, halafu analala taa ikiwaka wiki nzima."

Akakata simu akiamini amenisaidia. Filamu ya mwisho niliyokuwa nimeitazama ilihusu harusi, na hata hiyo nilisinzia kabla bwana harusi hajafika.

Kuuliza si ujinga. Nikamwendea mwenzangu kazini, tunayemwita Spana, ambaye hana habari ya kitu kingine duniani isipokuwa spana na filamu. Akanipa flashi yenye filamu kumi na tatu na tamthilia moja ya vipindi sita, akaapa kwamba zote zinafaa kwa watoto. Spana ana watoto wanne na hakuna hata mmoja anayekubali kwenda chooni peke yake, kwa hiyo kiapo chake nilikipokea kwa tahadhari.

Nilikuwa na jioni tatu. Mtu mwingine angeanza filamu mwanzoni, lakini kwangu mimi hapakuwa na swali: nilianzia mwisho. Natazama dakika kumi za mwisho. Kama ziko salama, narudi nyuma kidogo, natazama tena, nashuka hivyo hivyo hadi mwanzo. Kama mwisho una kasoro, filamu imefeli, hakuna haja ya kushuka. Tamthilia niliitazama kuanzia kipindi cha sita hadi cha kwanza, nikashangaa jinsi watu wake walivyozidi kuwa wajinga kila kipindi.

Nilichukua na fomu za kazini, maana kichwa husahau. Fomu zetu zina sehemu ya milango, ya breki, ya taa za dharura, ya uwezo wa kubeba, na chini kabisa maoni ya mkaguzi. Nilijaza moja kwa kila filamu. Katika ya kwanza, mlango wa chombo ulimbana nahodha mkono. Chombo kimevuka nyota elfu na hakina kihisi cha kuuzuia mlango usimbane mtu, kitu ambacho hata lifti kongwe kuliko zote ninazozihudumia inacho. Nilisimama nikaitukana televisheni. Katika ya pili, watu arobaini walijazana kwenye kichombo cha uokoaji cha watu kumi na hakuna aliyehesabu vichwa. Katika ya nne, jitu la macho sita lilitoka kwenye tundu la hewa ambalo kifuniko chake hakikuwa na skrubu hata moja. Feli, feli, feli. Moja niliikatalia pale pale kwenye dakika kumi za mwisho, nikaandika sababu haraka haraka na kuzima, kwa kuwa sikupenda ilivyonifanya.

Kufikia Alhamisi zilikuwa zimefeli kumi na mbili na kupita mbili: filamu ya roboti anayelima bustani mwezini, na ile tamthilia. Fomu nikazitia kwenye faili chini ya televisheni. Nikahamisha boksi la vipuri, nikafua mapazia, nikajipongeza.

Nukta alikuja Ijumaa akiwa amenipita kimo. Akanisalimu shikamoo, akavua viatu na kuvipanga ukutani sambamba. Kila nililomuuliza alijibu sawa. Chumba kikoje? Sawa. Umeshiba? Sawa. Mtu anayejibu sawa kwa kila kitu hajafika bado, ni mwili tu umetangulia. Baba yake aliniangalia kwa jicho la kunitakia heri, akaondoka.

Jumamosi saa nane mchana nikafunga mapazia, tukakaa kwenye kochi, nikamwekea roboti mkulima. Mimi nilitazama zaidi uso wa mtoto. Roboti alipanda nyanya. Roboti alimwagilia nyanya. Roboti alisubiri nyanya. Nilikuwa nimeipitisha filamu hii kwa sababu haina mlango hata mmoja unaomdhuru mtu, na sasa ndipo nikatambua kwamba haina mlango kabisa, wala mtu. Dakika ya hamsini Nukta akapiga mwayo wa adabu, mdomo umefungwa. Ilipoisha nikauliza imekuwaje, akasema nzuri.

Nikajikaza kisabuni, nikaweka tamthilia. Hiyo ilianza kwa kishindo. Chombo kimepotea njia, mafuta yanakwisha, na kuna mtu anagonga ukutani kutoka nje, huko ambako hakuna mtu. Nukta akakunja miguu kochini na kusogea mbele. Nikafurahi hadi nikasahau kupumua. Halafu nikaona vidole vyake vimeung'ang'ania mto, nikaikumbuka ile taa inayowaka wiki nzima.

"Usiogope, mwanangu," nikamwambia. "Anayegonga ni dada yake nahodha. Hana neno."

Nukta akanigeukia, akarudi kwenye picha. Kipindi cha pili mpishi akazimia, nikamtuliza kwamba mpishi anajifanya tu, atawasaliti kipindi cha nne lakini atatubu. Kipindi cha tatu hata sikungoja mtu azimie. Hapo Nukta akachukua rimoti, akasimamisha picha.

"Shangazi, hii umeshaitazama?"

"Nimeikagua."

"Yote?"

"Yote. Kutoka mwisho kuja mwanzo."

Akauliza kwa nini mtu atazame hadithi kwa kuanzia mwisho. Nikamweleza habari za chumba cha mashine, za mota na kamba, za mlango uliopakwa rangi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikia upuuzi wangu. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Akasema sawa. Ile ile sawa ya jana. Akaomba ruhusa akapumzike, akaingia chumbani.

Nikabaki na mpishi wa angani, ameganda mdomo wazi. Nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Niliumia, sitaficha. Nilijiona nimempeleka mtoto bweni kwa mdomo wangu mwenyewe, na maji yakimwagika hayazoleki. Nikaanza kufikiria boksi la vipuri na jinsi nitakavyolirudisha.

Ndipo nikasikia sauti sebuleni, nikadhani analia. Nikatoka na sahani mkononi. Kumbe alikuwa ametoka kutafuta mahali pa kuchomeka chaja nyuma ya televisheni, akavuta faili, na sasa alikuwa amekaa sakafuni amezungukwa na fomu zangu. Mabega yanamtikisika, machozi yanamtoka, anacheka bila sauti. Aliponiona akajaribu kusoma, akashindwa, akajaribu tena.

"Nahodha asipewe leseni," akasoma. Akameza mate. "Jitu la macho sita halina hatia. Alaumiwe aliyefunga tundu la hewa."

Sauti ikamtoka sasa, kicheko chenye mikwaruzo, kile kile cha baba yake utotoni alipokuwa akicheka hadi anafukuzwa mezani. Basi na mimi nikashikwa. Nilikaa chini, tukasoma fomu moja baada ya nyingine kwa zamu. Nikamsimulia nilivyomtukana nahodha, akanitaka nimwigizie, nikamwigizia, akaniomba nirudie na nisipunguze. Akataka kujua ni adhabu gani ingemfaa yule aliyejaza watu arobaini kwenye kichombo cha kumi, nami nikaitaja, na sitaiandika hapa. Sahani ile niliikuta kesho yake chini ya kochi.

Halafu akashika fomu moja, kicheko kikakatika. Niliijua kabla hajaigeuza. Sehemu ya milango na ya breki nilikuwa nimeziacha tupu, na chini nilikuwa nimeandika: Imefeli. Sababu, baba anaondoka na mtoto anabaki kituoni.

"Tutazame hii," akasema.

Nikamwambia hapana. Nikasema mwisho wake mbaya, nikasema flashi ina matatizo, nikasema na mengine ambayo hata mimi sikuyaamini.

"Shangazi, baba anaondoka kweli. Mwisho naujua. Nataka kuona mwanzo."

Nikachomeka flashi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilianzia chini.

Kilikuwa kituo kinachoizunguka sayari nyekundu. Baba ni rubani wa chombo cha mizigo, binti yake, wa rika la Nukta hivi, amechoka kuaga. Dakika ya tano akatokea fundi wa kituo, mwanamke wa makamo, suruali imejaa grisi, anagombana na kila mlango anaoufungua. Nukta akanipiga kiwiko. Fundi akamkaripia binti kwa kukanyaga waya, kisha akamwita amfundishe kuufunga. Nukta akanipiga kiwiko tena, kwa nguvu zaidi. Alikuwa ameweka fomu mpya juu ya goti lake na anaijaza, na kila mlango ulipofunguka tulipiga kelele sote wawili kuuliza kihisi kiko wapi. Kuna mahali kitu fulani kilijiburuta juu ya dari gizani. Aliyeruka ni mimi.

"Usiogope, shangazi," akasema, bila kuinua macho kwenye fomu. "Ni bomba tu."

Lilikuwa bomba. Tulicheka hadi tukakosa kusikia mazungumzo ya dakika mbili nzima za filamu, ikabidi turudishe nyuma.

Kisha zikafika zile dakika kumi. Chombo kinaondoka, binti amesimama dirishani ameinua mkono, na mimi nikaanza kutazama mapazia. Nukta akasema taratibu, "Angalia kwenye kioo." Nikaangalia. Nyuma ya binti, hatua mbili, fundi alikuwa amesimama anafuta mikono kwa kitambaa, anangoja. Alikuwepo muda wote. Jumatano nilikuwa nimezitazama dakika zile zile, nikatafuta kasoro nikaipata, na yeye sikumwona.

"Kutangulia si kufika, shangazi," Nukta akaniambia, akaniegemea begani, mzito kweli kwa mtu aliyepimwa mara mbili. Usiku ule alilala taa ikiwaka, na mimi niliacha yangu ikiwaka pia, kwa sababu ya lile bomba.

Jumapili alishinda akizunguka nyumba na faili mkononi. Alifungua kila mlango na kuufunga, akawasha taa na kuzizima, akakitikisa kitasa cha chumba chake ambacho kinanata tangu nihamie. Nikamuuliza anafanya nini, akaniambia mkaguzi hasemeshwi kazini. Jioni baba yake akafika, akasimama pale pale mlangoni. Hakuthubutu kuuliza, na mimi sikuthubutu pia.

Nukta akachukua selotepu, akabandika fomu ukutani karibu na mlango, usawa ule ule ambao sisi hubandikia cheti ndani ya lifti. Miwani yangu ilikuwa jikoni, nikamwomba mdogo wangu asome kwa sauti. Akasoma kwamba milango ni mizima isipokuwa kitasa cha chumba cha pili. Taa za dharura zipo na ni ruhusa kuziacha zikiwaka. Kelele ni nyingi, chanzo chake ni mwenye nyumba, zisipunguzwe. Uwezo wa kubeba, watu wawili.

Hapo akaiacha fomu, akamkumbatia binti yake. Ikabidi nisogee nisome mwenyewe mstari wa mwisho. Nukta alikuwa ameuandika kwa herufi kubwa, kwa kuyahurumia macho yangu: Ukaguzi ujao, baada ya miaka miwili.

Nikaenda kutafuta bisibisi ya kile kitasa kabla mtu hajauona uso wangu.