Mashine ya Nne

Katika karakana ile ya kushona sare za shule, hakuna aliyeitwa kwa jina la kwenye cheti chake. Mpiga pasi, mwanamume wa makamo, aliitwa Pasi. Mtia vifungo aliitwa Redio, kwa sababu mdomo wake haukuwa na swichi. Na mwanamke wa mashine ya nne, ile ya dirishani, aliitwa Mama Mapacha tangu siku alipopita na watoto wake kuwasalimu, binti mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akauliza, "Nani hapa ana mkono usio na kazi?" Pasi akanyoosha wake, akapakatishwa mtoto.

Miaka minane baadaye, homa ilimchukua mmoja wa mabinti wale kwa siku tatu tu.

Mama Mapacha hakuonekana kazini mwezi mzima. Siku moja kabla hajarudi, fundi mkuu aliwaita wote mezani.

"Lile jina tuliweke kando," alisema. "Tukilitaja tutamtonesha kidonda."

"Tumwite dada tu," Redio akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini.

Wote wakakubali. Kazi ngumu ilimwangukia Pasi. Kila furushi la sare zilizokamilika lilibandikwa karatasi yenye jina la mshonaji, na mwandishi wa karatasi hizo alikuwa yeye. Alikaa na kalamu mkononi mpaka chai ikapoa. Mwishowe akaandika: Mashine ya Nne.

Mama Mapacha akarudi. Mishono yake ilikuwa imenyooka kama zamani. Ikawa dada chai hii hapa, dada kola zimekwisha, dada pole na kazi. Aliitika kwa upole, lakini kila mara aliinua kichwa kwa kuchelewa kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina la jirani. Pasi aliliona hilo, akajificha nyuma ya mvuke wake.

Siku ya nne alikuja mwenyewe kwenye meza ya Pasi, furushi mkononi.

"Kaka Pasi, huyu Mashine ya Nne ni nani?"

"Ni wewe, dada."

"Nimekuwa chuma tangu lini?"

Redio alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Tulikuwa tunakuonea huruma," Pasi alisema. "Tuliogopa kukuumiza."

"Najua, na nawashukuru. Hamkufanya kwa ubaya." Aliliweka furushi mezani, akalilainisha kwa mkono. "Lakini juzi tulikuwa tunakunja nguo za marehemu, binti yangu akaniuliza, 'Mama, mimi bado ni pacha?' Nikamwambia, wewe ni pacha mpaka uzeeke. Akaniamini. Leo atanipitia hapa akitoka shule. Akikuta mama yake si Mama Mapacha tena, nitamwambia nini?"

Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine. Fundi mkuu alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Pasi aliwahi kuona watu wakibeba marobota mawili ya vitambaa kwa mpigo. Hakuwahi kuona mtu amebeba mzigo kama ule na mgongo umenyooka hivyo, tena akapata nafasi ya kuwashukuru waliomkosea.

Akabandua karatasi za mafurushi yote kumi na moja, akaanza kuandika upya.

"Hiyo M imelala upande," Mama Mapacha alisema, akichungulia begani kwake. "Ndiyo maana wewe ulipewa pasi, hukupewa sindano."

Pasi akacheka huku macho yamejaa machozi.

Mchana msichana alisimama mlangoni, mkoba mgongoni, akitafuta kwa macho. Redio alifungua mdomo, akaufunga, akamtazama kwanza mama mtu. Mama akaitikia kwa kichwa.

"Mama Mapacha," Redio akaita, kwa sauti yake yote ya siku zote, "pacha wako amekuja."

Msichana akaingia. Alikuwa mtoto wa kusoma kila anachokiona, basi alipofika kwenye mafurushi aligusa karatasi ya kwanza kwa kidole.

"Mama Mapacha," alisoma. Akahamia ya pili. "Mama Mapacha."

Akaendelea hivyo, bila haraka, mpaka ya kumi na moja. Pasi aliinamia kola aliyokwisha kuinyoosha, akaipiga pasi tena.