Siku Mama Mkwe Alipokwenda Kumtazama Jivu

Tiketi zilikuwa mbili, na ya pili haikuwa ya mama mkwe. Mke wa Cheche, muuguzi wa wodi ya wazazi, ndiye aliyezikata. Alijua mumewe amekuwa akihesabu siku tangu mabango ya filamu ya Jivu yalipobandikwa mjini, akaomba ruhusa kazini, na gauni lake akalipiga pasi tangu asubuhi. Jumamosi mchana, kabla hawajainuka mezani, simu ikaita. Mwenzake wa zamu alikuwa ameugua, na wodi imefurika.

"Nenda na mama," akamwambia mumewe huku akitafuta viatu vya kazi.

Cheche akamtazama kama mtu aliyeambiwa aende matembezi na hakimu. "Mama yupi?"

"Kwani humu ndani kuna mama wangapi?"

Mama mwenyewe alikuwa jikoni akiosha vyombo, na kila neno limemfikia. Alikuwa amekuja kwa binti yake kutibiwa goti, na sasa ilikuwa wiki ya pili. Maisha yake yote alikuwa mpishi wa shule, na sauti yake ilizoea kuvuka uwanja uliojaa watoto. Lakini mbele ya mkwewe sauti hiyo ilinywea. Walikuwa wakiamkiana vizuri, wakiulizana kama mvua itanyesha, basi. Mama akiingia sebuleni, Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, hukumbuka kuna vyuma havijapakwa rangi nje. Cheche akiketi, mama hukumbuka sufuria liko motoni, hata kama moto ulishazimwa.

"Mimi mambo ya watu wanaoruka ruka hewani siyajui," mama akasema kutoka jikoni.

"Utayajulia huko huko," binti yake akajibu, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Wakaenda. Cheche alitangulia hatua chache, mama akafuata na mkoba wake kwapani, na njia nzima walizungumzia lile goti.

Ukumbi ulikuwa umechangamka kama uwanja wa mpira. Vijana walikuja wamevaa barakoa za kijivu za shujaa wao, wengine wakipiga miluzi hata kabla taa hazijazimwa. Jivu walimjua vizuri. Katika filamu zake mbili za mwanzo alikuwa mcheshi, anampiga jambazi huku anamtania, na watu walitoka wakiigiza maneno yake. Mama alipofika kwenye safu yao aliketi, akauweka mkoba kwenye kiti kitupu cha pembeni yake. Cheche akaelewa bila kuambiwa. Akakaa kiti cha tatu, mkoba ukiwa katikati kama mtoto wao.

Filamu ikaanza, na ilikuwa giza. Mvua, moshi, mitaa isiyo na taa. Jivu alipotokea watu walishangilia, lakini hakutania mtu. Alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, anatembea kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Adui yake alikuwa akiyachoma majengo ya mji moja baada ya jingine, na kila Jivu alipofika, alikuta majivu tu.

"Washeni taa, hatuoni!" kijana mmoja akapiga kelele, watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kujipa moyo.

Nusu saa ikapita. Miluzi ikakauka. Mtu aliyekuwa akitafuna bisi kwa fujo akaacha. Ndipo, katikati ya ukimya huo, ile sauti ya uwanja wa shule ikarudi bila mwenyewe kuialika.

"Huyu kijana hajala tangu tumeingia!"

Ukumbi mzima ukalipuka. Cheche akazama kitini mpaka magoti yakagusa kiti cha mbele.

"Si uongo," mama akaendelea, sasa akijitetea. "Kapigana mara nne, hata maji hajanywa. Atapata wapi nguvu?"

"Mwambie, mama!" mtu akaitikia kutoka nyuma. Alikuwa kinyozi mwenye duka karibu na kituo cha mafuta, Cheche alimtambua kwa sauti. "Huyo hasikii la mtu."

"Hasikii kwa sababu hajalala. Tazama macho yale."

Kuanzia hapo mama akawa mali ya ukumbi. Jivu akiingia jengo lenye moshi, watu humgeukia yeye. Akisema "asiingie," wanaitikia "asiingie!" Adui alipovua kofia, akaonekana mwanamume mwenye sura ya upole, mama akasema, "Ndio hao hao," na safu tatu zikakubaliana naye. Mwanamke mmoja wa mbele aligeuka akaomba kimya, mama akamwambia samahani mwanangu, akanyamaza dakika chache, akasahau. Cheche alikuwa akifa kwa aibu, ila mara mbili alijikuta anacheka na mkono mdomoni.

Kisha ikafika sehemu ile.

Jivu alikuwa na mdogo wake, kijana mpole anayefundisha muziki, ambaye hakujua kwamba kaka yake ndiye Jivu. Adui akalitia moto jengo la mdogo mtu. Kijana akanasa ghorofani, akampigia kaka yake simu. Jivu akakimbia. Hakuruka, hakupaa, maana nguvu zilikuwa zimemwishia. Alikimbia tu kama mtu yeyote, kwenye mvua, simu sikioni, mji mzima ukiwa kati yao. Na muziki wa filamu ukakatika. Zikabaki pumzi zake na sauti ya mdogo wake.

"Kaka, uko wapi?"

"Nakuja. Niko karibu."

"Usikimbie sana basi. Utaanguka."

Halafu simu ikanyamaza, na Jivu alikuwa bado mbali.

Vijana wawili wa mbele walivua barakoa zao wakazishika mapajani. Baba mmoja alimbeba binti yake wakatoka nje. Mama alifunika mdomo kwa kiganja.

Ndipo akasikia mtu analia. Haikuwa kwikwi ya kujificha. Kilikuwa kilio cha mtu mzima kinachotoka tumboni, kama mtu anayekohoa kitu kilichomkwama. Mama akageuka kulia, akamwona mkwewe amejikunja, viganja usoni, mabega yanaruka.

Cheche alikuwa na mdogo wake kweli. Walimwita Kifupi kwa utani, maana alikuwa akiinama kila mlango. Homa ilimchukua kwa siku chache, kabla Cheche hajaoa, wakati yuko mji mwingine anafunga mageti ya kiwanda. Kifupi alimpigia simu akiwa kitandani, akamwambia asihangaike, amalize kazi ya watu, yeye anaendelea vizuri. Cheche alisafiri hata hivyo. Alifika wakati watu wanakung'uta udongo kwenye majembe. Alijikaza kisabuni, akawashukuru waliozika, na baada ya wiki akarudi kazini. Macho yakiwa mekundu, watu walidhani ni moto wa kuchomelea. Hata mkewe, baada ya kuoana, alidhani hivyo mara nyingine.

Mama hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba sebuleni kuna picha ya kijana mrefu anayecheka, na kwamba hakuna aliyewahi kumweleza ni nani.

Akauchukua mkoba, akauweka miguuni. Akahamia kiti cha katikati. Kwanza alikaa tu, mikono mapajani, kama hajui ruhusa yake inaishia wapi. Kisha akautoa mtandio wake begani, akamwekea mkononi, na kiganja chake akakilaza mgongoni mwa mkwewe.

"Lia," akamwambia, kwa sauti ndogo kuliko zote alizotoa siku hiyo. "Lia, mwanangu. Nipo."

Kutoka nyuma, mkono wa kinyozi ukapita juu ya kiti, ukamgusa Cheche bega mara moja, ukarudi. Kinyozi naye alikuwa akivuta kamasi. Ukumbi mzima ulikuwa ukivuta kamasi.

Jivu alimshinda adui yake mwishoni, lakini hakuna aliyepiga makofi. Taa zilipowashwa watu walibaki wamekaa, wakitazama majina yakipanda, wakiogopa kutazamana machoni.

Nje, kwenye jua la alasiri, ndimi zikafunguka. "Filamu gani hii?" kijana mmoja alifoka, barakoa ikining'inia mkononi. "Mtu unakuja kufurahi, unatolewa machozi!" Mwenzake akasema hajawahi kuona nzuri kama hiyo, na ataiona tena kesho. Yule baba mwenye binti alikuwa dirishani pa tiketi akilalamika kwamba bango halikusema kitu. Mwanamke wa tiketi akamwomba radhi, akaongeza, "Tangu juzi ni hivi hivi. Wanaingia wanapiga miluzi, wanatoka kama wametoka msibani."

"Mama, wewe unasemaje?" kinyozi akauliza, na watu kadhaa wakasogea. "Mwisho mzuri au mbaya?"

Mama akafikiri. "Mimi sijui filamu. Ila yule kijana kafiwa, na mpaka mwisho hakuna hata mmoja aliyempa pole. Wote wanamwambia okoa mji, okoa mji. Pole ingewagharimu nini?"

Kinyozi akampa mama mkono.

Kurudi nyumbani Cheche hakutangulia. Walitembea sambamba, polepole, kwa ajili ya goti. Walipofika kwenye mtaa uliotulia, mama akasema, "Yule wa kwenye picha ni mdogo wako?"

"Ndiyo, mama."

"Nimekaa kwako siku zote hizi sijakuuliza. Nilidhani ndiyo adabu." Akasimama, naye Cheche akasimama. "Pole, baba. Pole sana."

Wengi walishampa pole siku za msiba, alikuwa akizipokea kama mtu anayepokea vifurushi vya jirani. Hii aliipokea mwenyewe. Akatikisa kichwa, akapangusa uso kwa ule mtandio ambao bado alikuwa nao, akaona ameuharibu, akaomba radhi.

"Utafuliwa. Niambie alikuwa mtu wa namna gani."

Basi akamwambia. Kifupi alivyokuwa mvivu wa kuamka, alivyokopa shati la kaka yake na kulirudisha bila vifungo, alivyopeleka barua ya mapenzi akakosea nyumba, ikapokelewa na babu mmoja aliyeijibu. Mama alicheka mpaka akashikilia ukuta wa watu.

Jioni mkewe aliporudi kutoka kazini, amechoka, miguu inamuuma, aliwakuta mezani, mama na mumewe, picha ya Kifupi imeshushwa ukutani iko kati ya vikombe vya chai, nao wanaongea kwa mpigo mmoja. Alisimama mlangoni hajavua hata viatu.

"Filamu ilikuwaje?"

"Nzuri sana," Cheche akasema.

"Mbaya kabisa," mama akasema. "Keti nikumiminie chai, nikueleze."

Kesho yake Cheche aliketi kwenye kibenchi cha nje, karibu na vyuma vyake, akampigia simu mama yake mzazi. Kwa kawaida walizungumza habari za afya na bei ya mbolea. Safari hii, baada ya salamu, akasema, "Mama, jana nilikuwa namkumbuka Kifupi."

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa.

"Mimi humkumbuka kila siku," mama yake akasema. "Nilidhani wewe hutaki atajwe. Nilikuwa nakusubiri."

"Sasa nimekuja, mama," Cheche akasema, akakisogeza kibenchi kivulini, maana aliona mazungumzo hayo hayataisha upesi.