Kanuni ya Tisa kwa Sauti ya Redio

Mama mkwe wangu hawezi kupita karibu na unga ninaoukanda bila kuutia chumvi. Nikigeuka kupanga trei, anachota. Nikienda kufungua mlango, anachota tena. Na mimi nilikuwa nimeacha kazi ya cherehani nipike mikate ya kuuza, sina pa kurudi. Kati yangu na wateja kulikuwa na kiganja cha mama huyu.

Ndipo bwana afya akatuletea karatasi. Anayetaka kibali cha kuuza chakula alichopika nyumbani kwake afuate kanuni kumi: nywele zifunikwe, paka asikanyage jikoni, kila mfuko uandikwe kilichomo, na kadhalika. Miwani ya mama mkwe ilikuwa imevunjika, akaniomba nimsomee. Nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio mpaka ya nane. Ya tisa ilitaka awepo mtu wa pili, mwenye cheti cha afya, wa kushika jiko mwenye kibali akiugua. Hapo shetani akanipitia.

"Kanuni ya tisa," nikasoma. "Aliyepita miaka sitini haruhusiwi kuvuka kizingiti cha jiko."

"Imeandikwa hivyo?"

"Mama, hiyo ni serikali, si mimi."

Akachukua kiti chake cha plastiki, akakiweka sebuleni mkabala na mlango wa jiko, akakaa. Nikaibandika karatasi ukutani, juu ya sinki, na wiki tatu nzima nilikanda huku naimba. Sidanganyi, nilikuwa na raha zangu.

Mtu wa pili angekuwa mume wangu, ambaye nyumbani tunamwita Bwana Kesho. Nilimtuma zahanati akapimwe. Anaogopa sindano, basi kila asubuhi alikuwa na lake: mara kiatu kinabana, mara foleni ni ndefu, na foleni yenyewe hajaiona.

Siku ya ukaguzi bwana afya alipitisha kidole juu ya kabati, akainama kunusa bomba la sinki, akapima ubaridi wa friji. Paka tulikuwa tumemhamishia kwa jirani. Kalamu ikapiga tiki nane bila kusita.

"Ya tisa. Mtu wa pili yuko wapi, na cheti chake?"

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama dari.

"Naenda kesho," akasema.

"Basi tutaonana mwakani. Wakaguzi tunapita mara moja kwa mwaka." Akaanza kufunika kalamu yake.

Mwaka mzima bila kibali, na cherehani yangu imeshapewa mtu mwingine!

"Bwana afya," mama mkwe akaita kutoka kwenye kiti chake. "Sogea huku, mwanangu. Mimi huko siruhusiwi kuvuka."

"Nani amekukataza, mama?"

Nikashika kitambaa, nikaanza kufuta sinki lililokuwa kavu. Mama mkwe akanitazama, kisha akasema, "Miguu."

Akafungua mkoba, akatoa cheti cha afya chenye muhuri, hakina hata kunjo. Kilikuwa cha tangu wiki mbili zilizopita. Bwana afya akapiga tiki ya tisa, akapiga na ya kumi, akasaini kibali changu na kuaga. Bwana Kesho akamsindikiza, maana hatari ilikuwa imepita.

Tukabaki wawili.

"Mama, uliisoma lini?"

"Siku uliyokwenda kununua unga. Miwani ilikuwa imeshatengenezwa. Na sikuvuka, nilinyoosha shingo tu." Hakucheka. "Katika jiko hili nimepika miaka thelathini. Ukanitoa kwa karatasi. Iliniuma, mwanangu."

Nilitamani sakafu inifiche. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe."

Akainuka, akavuka kizingiti. Akafunika nywele, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, polepole, kama karatasi inavyotaka. Kisha akashusha kopo la chumvi kutoka kwenye rafu.

"Sasa nisomee ya tisa," akasema. "Kwa ile sauti yako ya redio."

Nikasoma. Nilipofika kwenye "wa kushika jiko," alikuwa ameshachota mara mbili, nami nikaendelea kusoma.