Sponji Iliyokatwa Nyuma

Fundi Makochi alikuwa na ugonjwa mmoja tu, majivuno, na hata huo ulimshika akiwa kazini pekee. Mteja akija kuchukua kochi lake, humwambia alikalie kwanza, arukeruke. "Ruka, mama, usiogope. Sponji yangu haizami. Ikizama nirudishie, nakupa nyingine bure." Kwa hiyo Mama wa Kona alipotokea barabarani na mto wa kochi kichwani, akipiga kelele kabla hata hajafika, majirani waliacha walichokuwa wakifanya wakasogea.

"Umenivua nguo, Fundi! Umenivua nguo mbele ya wakwe!"

Akaeleza. Wakwe zake walikuja kumtembelea, akawakaribisha kwenye kochi jipya. Baba mkwe, mtu wa mwili, akakaa, akaegemea, akadidimia mpaka kwenye mbao. Magoti yakamfika kidevuni. Ikabidi wanawe wamvute mikono. Watu wakacheka, na mmoja akaomba asimuliwe tena pale pa magoti.

Fundi hakucheka. "Haiwezekani," alisema. Wakati huohuo binti yake alikuwa akirudi kutoka shule, begi mgongoni. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, nao wawili waliishi kwenye chumba cha nyuma ya karakana. Akitoka shule, kazi yake ilikuwa kuingiza sponji kwenye vitambaa na kufunga zipu.

"Huyu hapa shahidi wangu! Njoo, mwanangu. Mwambie mama, sponji yake ilikuwa nzima au haikuwa nzima?"

Binti aliangalia viatu vyake.

"Anaona haya," Fundi aliwaambia watu. "Amelelewa huyu."

Alimpenda kupita kiasi, na sifa zake aliwachosha nazo majirani. Mpaka muhula uliopita binti alikuwa akikosa shule kila mwezi. Tumbo, alisema, na baba hakuuliza zaidi, maana yapo matumbo ambayo baba haulizi. Mwalimu wake alionya kwamba akiendelea hivyo atarudia darasa. Lakini muhula huu hakukosa hata siku moja, na Fundi aliutangazia mtaa mzima kwamba mwanawe amepona.

Akafungua zipu ya ule mto kwa mbwembwe, akachomoa sponji, akaiinua juu watu waione. Sehemu ya nyuma ilikuwa na pengo. Ilikatwa kwa mkasi, mikato imenyooka, na ndani ya pengo palijazwa matambara. Kicheko kikakatika.

"Nimeibiwa," alisema Fundi, na sauti haikuwa yake. Kisha macho yake yakamwangukia mlinzi wa mtaa. Huyu alikuwa mzee waliyemwita Macho, kwa sababu muda mwingi yalikuwa yamefumbwa, na mchana hupenda kujinyoosha kwenye makochi ambayo hayajaisha. "Wewe! Nakuachia ulale kwenye makochi yangu, kumbe unayatafuna!"

Macho alikuwa bado anapiga miayo majirani waliposhika ukosi wake. Akaapa. Nani anasikiliza kiapo cha mtu aliyeshikwa ukosi? Mwanaume mmoja alianza kuvua mkanda.

"Mwachieni," binti alisema. "Ni mimi."

Fundi alimgeukia taratibu. "Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyekata, baba."

"Ukamuuzia nani?"

"Sijauza."

"Sasa ya nini?"

Binti alisema kitu, midomo ikasogea tu.

"Sema kwa sauti! Umeniaibisha mbele ya watu, sema mbele ya watu!"

"Ya siku zangu," alisema binti. Kwa sauti, kama alivyoamriwa. "Nikiwa kwenye siku zangu, baba. Ili nisikose shule."

Aliyevua mkanda akaanza kuuvaa polepole, kana kwamba ndiyo kazi iliyomleta pale. Wengine wakakumbuka wameacha kitu jikoni, dukani, popote. Mama wa Kona, aliyefika akipiga kelele, sasa aliongea kwa kunong'ona. "Hana haya huyu mtoto? Mambo haya yanasemwa mbele ya wanaume?" Akakunja kitambaa chake cha kochi, akaondoka bila kudai sponji nyingine. Macho akanyoosha ukosi. "Asante, mwanangu," alisema, na ndiye pekee aliyemsemesha.

Binti akaingia ndani. Fundi alibaki pale na sponji yake mkononi, akiitazama. Mkato ulikuwa mzuri, hilo aliliona hata katika hali ile. Binti alikata kule nyuma kabisa, chini ya mgongo, mahali ambapo mgeni mwenye adabu hafiki, maana mgeni mwenye adabu hukaa ukingoni. Hakumtarajia baba mkwe.

Aibu ilimshika Fundi kuanzia masikioni. Sponji ilikuwa si kitu. Aliona aibu kwa sababu amekalisha mtaa mzima, akimuuliza kila mteja kama pamelainika, kama anajisikia vizuri, lakini yeye hakuwahi kumuuliza lolote mtoto anayelala upande wa pili wa pazia. Kisha akamlazimisha aseme kwa sauti mbele ya watu. Hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi.

Jioni walikula kila mmoja akitazama ukuta wake.

"Kesho siendi shule," binti alisema. "Wala keshokutwa."

"Si kuna mtihani?"

"Watoto wa majirani wote nasoma nao, baba. Sasa hivi wanasimuliana."

Fundi alitafuta la kumwambia. Lililotoka ni, "Chumvi imezidi kidogo," na hapo akatamani ardhi ipasuke immeze.

Asubuhi alikwenda dukani. Alisubiri wateja waishe, nao hawakuisha. Macho alikuwa kwenye benchi, amelala. Mama mmoja alinunua sukari, kisha akabaki tu.

"Nipe zile," Fundi alimwambia muuza duka. "Zile za… Pedi. Nipe pedi. Za mwanangu."

Muuza duka, ambaye jana alikuwa mmoja wa waliokumbuka kitu ghafla, alishusha pakiti kutoka rafu ya juu kabisa, akaiviringisha kwenye gazeti, kisha gazeti jingine. Fundi angeweza kuchukua akaondoka. Lakini fundi ni fundi. Alifungua magazeti, akafungua pakiti, akatoa moja, akaibonyeza kwa dole gumba.

"Nyembamba hii. Inahimili kukaa darasani mpaka jioni?"

Macho alifumbua macho. Muuza duka akageukia mizani yake. Jasho lilimtoka Fundi mgongoni, lakini hakuondoka.

Mama wa sukari akakohoa. "Chukua ile ya kijani," aliuambia ukuta. "Hiyo haivuji."

Fundi alilipia zote mbili, akatoka nazo mkononi. Magazeti aliyasahau kwenye kaunta. Isidhaniwe ni ushujaa, alikuwa na haraka tu. Barabara nzima watu walizisalimia pakiti kwanza, yeye baadaye.

"Baba!" Binti aliruka kitandani. "Umepita nazo hivyohivyo?"

"Hivyohivyo vipi?"

"Mkononi! Watu wote wameona!"

"Kwani nimeiba?"

Fundi akaziweka kitandani, akakaa mbali kidogo.

"Zikiisha, niambie," alisema. "Usiniambie tumbo. Niambie zimeisha. Na jana… jana nilikukosea, mwanangu. Nisamehe."

Binti alifunika uso kwa mikono. "Sawa, baba."

"Hii ya kijani nimeibonyeza mwenyewe. Sponji yake…"

"Baba, nyamaza! Majirani!"

Akakwapua sare yake msumarini, akavaa nyuma ya pazia kwa kasi ya mtu anayekimbia moto, ilimradi atoke kabla baba hajasema jingine.

"Nakusindikiza."

"Usinisindikize. Nakuomba."

Alimsindikiza. Binti alitangulia mbali, kichwa chini, akijifanya hamjui yule mwanaume mwenye vumbi la sponji kwenye nywele, anayewasalimia watu kwa sauti kubwa huko nyuma. Walipopita kwa Mama wa Kona, Fundi akapaza sauti zaidi: "Sponji yako naileta leo, mama! Na baba mkwe mwambie aegemee!" Binti alitamani kupotea. Alimwonea aibu baba yake kuliko alivyowahi kumwonea mtu yeyote, na alikuwa akiona aibu hiyohiyo alipoingia langoni, alipokaa kwenye dawati lake, na mwalimu alipoita jina lake naye akaitika.