Kahawia ya Uso wa Grace

Eufrazia hakuwa na raha. Tangu asubuhi alikuwa akikaa, akiinuka, akienda dirishani na kurudi, na kila aliporudi mezani alizikuta zile rangi zake zimemkodolea macho vilevile, zote kahawia, na hakuna hata moja iliyokubali kufanana na mwenzake.

Asiyechora atasema kahawia ni kahawia tu. Basi huyo angekwenda Mwembesongo akakae kwenye meza ya Eufrazia ajionee. Pale palikuwa na rangi za maji za kampuni nne, na kila kampuni imeandika jina lilelile kwenye kahawia yake, amba ya kuchoma, yaani kahawia ya udongo uliochomwa, utadhani zimepakuliwa chungu kimoja. Uongo mtupu. Eufrazia alizipa majina yake mwenyewe ili asichanganyikiwe. Tausi ilikuwa ya Kihindi, vidonge vikavu kwenye boksi lenye picha ya tausi, aliyoinunua mjini kwenye duka la vifaa vya shule. Bluu, kwa sababu ya boksi lake la bluu, ilitoka China ikapitia Kariakoo. Mjerumani zilikuwa tyubu alizoachiwa na mgeni mmoja wa chuo kikuu aliyekuja kuchora ndege wa milimani. Mjapani aliiagiza mwenyewe mtandaoni, ikachelewa njiani, na siku zote ilipokuwa njiani hakuna aliyekaa naye kwa amani.

Alizipaka moja moja kwenye karatasi nzito, akaziacha zikauke, akaanza kuzichambua kama mama mkwe anayemkagua bibi harusi. Tausi ikiwa mbichi inang'aa vizuri, lakini ikikauka tu inapauka, uso unakuwa wa mtu aliyetoka nyumbani bila kujipaka mafuta. Bluu inavuta wekundu. Ukiipaka shavuni umepaka tofali. Mjapani ana chembechembe zinazozama kwenye vishimo vya karatasi, ngozi ikawa kama imeota vipele. Mjerumani alikuwa mtulivu, anatandazika bila kuacha michirizi, ila ukimsogeza karibu na taa anaonyesha ukijani kwa mbali, na Eufrazia hakutaka kumpaka mama yake rangi yenye ukijani.

Maana uso wenyewe ulikuwa wa mama yake. Grace alifariki Eufrazia akiwa bado anatambaa, akazikwa Nyandira, huko juu Mgeta, kwenye shamba la ukoo. Kaburi lilikaa miaka yote likiwa na msalaba wa mti tu. Sasa ukoo ulikuwa umeamua kulijengea, kwa saruji na vigae, na msalaba wenye nafasi ya picha iliyofunikwa kioo. Mjomba Agustino, mkubwa wa ukoo, akapiga simu akasema hawaoni sababu ya kumtafuta mtu baki wakati mchoraji wanaye nyumbani.

Eufrazia alikubali kwa furaha, halafu furaha ikageuka mateso. Picha pekee iliyobaki ya Grace ilikuwa ndogo, ya paspoti, nyeusi na nyeupe, na hata hiyo ya asili ililiwa na mchwa, ikabaki nakala iliyotolewa nakala. Kutokana nayo aliweza kupata paji la uso, masikio, midomo na kidevu. Rangi haikuwamo. Alikuwa amechora nywele, akachora gauni la kitenge, akachora mabega, na katikati ya vyote hivyo uso ulibaki mweupe, mistari hafifu ya penseli tu. Aliwaonea wivu watu waliogombana na mama zao. Yeye hakuwa hata na ugomvi wa kukumbuka, na aliogopa kwamba akikosea rangi atamweka mwanamke mwingine juu ya kaburi la mama yake, aje kumwekea maua miaka yote.

"Wewe na haya mabaka yako," alisema Jesca, jirani yake mwenye saluni, aliyeingia bila hodi kama kawaida yake. "Si uchague moja yaishe?"

"Moja ipi? Hebu niambie wewe unayepaka watu."

Jesca aliinama juu ya karatasi, akakunja midomo. "Shoga, hata poda ziko hivihivi. Kopo limeandikwa chokoleti, la kampuni hii linamfaa mteja, la kampuni ile linamtoa kama amemwagiwa unga. Mimi huwa nampima mtu shingoni. Huyu wako sasa utampima wapi?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Mie sijui, bwana. Jipime mwenyewe."

"Mimi kila mtu anasema nimechukua kwa marehemu baba."

Jesca alimshika bega, akasema kuna mteja anasubiri, akaondoka.

Palikuwa na jambo lingine la kumkosesha usingizi. Picha ingekaa juani. Kwa hiyo vipande vya rangi zote alikuwa amevibandika juu ya bati, kila kimoja nusu kimefunikwa kwa boksi, ili aone jua linazifanyaje. Alipovishusha alitamani kulia. Bluu ilikuwa imechuja kama kanga ya kufulia, na Tausi ilianza kuifuata. Mjerumani na Mjapani walikuwa hawajatikisika. Basi, alijiambia, kama mama alikuwa na rangi ya Bluu, nitafanyaje? Nimpake rangi yake, jua limfute, au nimpake isiyo yake, adumu?

Mwishowe alikata kadi ndefu, akaipanga miraba ya kahawia zote, nzito na nyepesi, akaitia kwenye mkoba pamoja na rangi na picha yenyewe, akapanda gari la Nyandira. Aliwaza hivi: walio hai waliomjua Grace wapo. Wataonyesha mraba, na yeye atapaka.

Alimkuta Mama Mkubwa Magreth, dada yake Grace, barazani anachambua maharage. Huyu ndiye aliyemlea. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na hilo lilimzidishia Eufrazia haraka. Hata chai hakungoja. Alimsalimia, akampa kadi mkononi.

"Mama alikuwa ipi hapo?"

Mama Mkubwa aliigeuza kadi, akaisogeza, akaitoa nje juani. Akaweka kidole kwenye mraba mzito wa Mjerumani. "Hii. Mweusi wa kung'aa, Grace."

"Unamsema nani?" Mjomba Agustino alitokea nyuma ya nyumba na koleo begani. "Grace maji ya kunde kabisa." Naye akaweka kidole chake kizito kwenye Bluu, ileile inayochuja.

"Agustino, huyo ni mkeo huyo unayemsema."

"Mke wangu namjua, na dada yangu namjua!"

Walibishana mpaka majirani wakaja kusaidia kubishana. Mmoja akachagua Mjapani. Mwingine akasema inategemea. Ukimwona anatoka shamba ni huu, ukimwona Jumapili anaenda kanisani ni ule. Mama Mkubwa aliporudishiwa kadi kivulini alichagua mraba mwingine kabisa, akaapa kuwa ndio uleule wa mwanzo. Eufrazia aliwatazama. Alijaribu njia nyingine.

"Basi niambieni tu alivyokuwa. Alikuwaje?"

"Alikuwa mzuri," akasema Mama Mkubwa. "Mtu wa watu," akasema mjomba. Yaleyale aliyoyasikia tangu utoto.

"Hayo nayajua!" Alipaza sauti kuliko alivyokusudia. "Kila marehemu ni mzuri, kila marehemu ni mtu wa watu. Nani ataniambia kitu?"

Mjomba Agustino aliweka koleo chini. "Mwanangu, umekuja kuuliza pasipo penyewe. Sisi ndugu kazi yetu kumsifu. Kumsema alivyokuwa ni kazi ya mtani."

Eufrazia aliona aibu. Mjini alikuwa amekaa muda mrefu kiasi cha kulisahau hilo. Mwenye ruhusa ya kumwigiza na kumtania marehemu, mbele ya watu na palepale kaburini, ni mtani wa ukoo peke yake, na ndugu akimkasirikia amevunja mila. Lakini mtani wa Grace, Bi Semeni, alikuwa ameshahamia Kisaki kwa binti yake kabla Eufrazia hajapata akili, na hakuna aliyejua kama atakuja.

Kesho yake watu walipanda shambani. Fundi Amosi alikuwa amemaliza vigae, amebakiza msalaba, na saruji imeshakorogwa. "Dada, picha," alisema. "Nikishaziba kioo hakifunguki tena." Eufrazia alikaa juu ya jiwe, akafungua rangi zake, akamimina maji kwenye kikombe. Alichovya brashi kwenye Mjerumani, akaisafisha. Akachovya kwenye Bluu, akaisafisha. Maji yakawa kahawia. Katekista aliyekuja kuongoza sala alitazama saa yake, halafu akatazama mawingu yanayoshuka kutoka juu mlimani.

Ndipo mtu akaipokonya ile picha magotini pake.

Alikuwa kikongwe mwembamba, mweusi tii, ngozi imemkunjamana, amejifunga kaniki. Alikwenda na picha moja kwa moja hadi kaburini, akakaa juu ya vigae vipya vya watu. "Nani kasema mjenge bila mimi?" alifoka. "Na huyu mbona hana uso? Mnamficha kwa sababu anawadai?"

"Semeni!" Mama Mkubwa alipiga yowe, na watu wakaanza kucheka hata kabla ya kichekesho.

Bi Semeni aliweka picha chini, akajifunga kaniki vizuri kwapani, akasimama. Akaweka mkono mmoja kiunoni. Akatembea, mguu wa kulia ukitupwa nje kidogo, kichwa kimeinuliwa kama mtu anayenusa jirani wanapika nini. Kicheko kikalipuka shamba zima.

"Agustino!" aliita, na sauti haikuwa ya kizee tena, ilikuwa nene, ya kuburuza. "Agustino, umekula tena maboga yangu! Fungua mdomo nione!" Halafu akacheka. Alicheka kwa kuziba mdomo kiganja kimoja, huku kile cha pili kikimchapa begani aliye karibu, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa katekista.

"Ndiye!" watu walipiga kelele. "Ndiye huyo! Grace mtupu!" Mjomba Agustino alikuwa amechuchumaa anafuta machozi kwa kofia. Mama Mkubwa, mwenye ukungu machoni, alinyoosha mikono mbele kama mtu anayetaka kumshika dada yake.

Eufrazia alisimama na brashi mkononi. Bi Semeni hakuwa na rangi ya mraba wowote kwenye kadi yake. Hakuwa na kidevu kile wala masikio yale. Na bado shamba zima lilikuwa limemtambua Grace, lote kwa pamoja, waliokuwa wakibishana jana hata mmoja hakubisha.

Bi Semeni aliinama, akaokota mtoto asiyekuwepo kutoka kwenye mkeka usiokuwepo, akamfuta kamasi kwa pindo la kaniki. "Na wewe hutulii!" alimgombeza. "Nakuweka huku, unatambaa kule, nageuka unautaka moto. Umeumbwa na nini wewe mtoto?" Akambusu kichwani, kwa sauti, akampakata.

Eufrazia aliifuata picha pale kwenye vigae, akaiokota. "Kaa hapo hapo," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Tafadhali. Kaa hivyo hivyo, ucheke."

"Haa! Leo napigwa picha!" alisema Bi Semeni kwa sauti ya Grace, akajishaua, akaziba mdomo, akacheka.

Eufrazia alipaka. Alichanganya kilichokuwa karibu na mkono, tyubu hii na kidonge kile, bila kuangalia ni ya kampuni gani. Midomo aliyoinakili kwenye paspoti ilikuwa imefungwa, aliifungua. Aliinua shavu moja juu ya lingine, akaliacha jicho lisinzie kwa kicheko. Rangi ilitiririka hapa na pale, hakuizuia. Watu walikuwa wamemzunguka wakichungulia, na safari hii hakuna aliyesema alikuwa mweusi au maji ya kunde. Fundi Amosi alishika kioo akingoja.

Alipoinua macho kumtazama kikongwe mara ya mwisho, Eufrazia aliona amerudisha mkono kiunoni, mtoto wake wa hewani amempakata. Kilimjia kitu ambacho katika hangaiko lake lote la rangi hakikuwahi kumpita kichwani: tangu azaliwe hakuwahi kumwamkia mama yake. Aliweka brashi chini, akapiga goti kwenye udongo.

"Shikamoo, mama."

Kicheko kilikatika. Bi Semeni akamtazama Eufrazia, akafumbua mdomo, na kwa sauti ileile nene ya kuburuza, bila mzaha wowote, akaitikia.

"Marahaba, mwanangu."